Alama za Kugawana

Dharura aliingia chumba cha semina akiwa bado amefunga aproni ya jikoni, vidole vimekunjamana kwa maji ya sabuni. Jina hilo alibandikwa na wenzake kwa sababu kila kikao cha kundi aliondoka mbio: "Samahanini, nina dharura." Dharura yenyewe ilikuwa lundo la sahani walizolia wanafunzi hao hao.

Chuo kilikuwa cha kuchujana. Kuingia ni kupenya tundu la sindano. Ukishaingia, raha mustarehe. Hakuna kengele, hakuna kuitwa majina, na mhadhiri mwenyewe, mzee wa kandambili, alitaka aitwe Kaka. Kaka hakumpa mwanafunzi alama. Alilipa kundi alama za jumla, wanakundi wakagawana kwa maelewano. Wasipoelewana, wote sifuri.

"Mia tatu, watu wanne," alisema Kaka akijinyoosha kitini. "Malizaneni. Mimi nakunywa chai yangu."

Kiongozi wa kundi, kijana mwenye kauli ya asali, alikuwa ameshapanga. "Sisi watatu themanini na tano kila mmoja. Dharura arobaini na tano. Usichukie, dada yangu. Vikao vyote tulikaa sisi."

"Sura ya tatu na ya nne ya ripoti yetu niliandika mimi."

"Uliandika, nani anabisha? Lakini hatukukuona."

"Mlikuwa mnakutana saa ya chakula cha mchana. Mnadhani sahani zilijiosha?"

Mwenzao wa tatu, mvulana, hakuinua macho. Msichana aliyekaa karibu na Kiongozi, wakiwa chanda na pete, akacheka kidogo. "Si uchukue tu, jamani? Ukifeli unarudia. Hata mimi nilirudia mwaka jana, na sijafa."

Kurudia! Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Anayelipiwa na baba yake hurudia. Anayesoma kwa ufadhili akipata chini ya sitini hufungasha virago. Na huko nyumbani mama yake Dharura alikuwa ameshatangaza mtaa mzima kwamba mwanawe anasoma chuo cha wateule. Aliwachukia, na alichukia zaidi kwamba walikuwa wakimfanyia haya kwa upole, kama watu wanaomsaidia.

Kaka akaweka kikombe chini. "Haya, kila mmoja aseme: nimeridhika."

"Nimeridhika," alisema Kiongozi.

"Nimeridhika," akafuata msichana, na mvulana akainung'unikia meza neno lile lile.

Macho yote yakamgeukia Dharura. Nje, kwenye nyasi, mtu alikuwa akipiga gitaa. Sifuri ingemtupa yeye nje kabla ya mwingine yeyote. Akapiga moyo konde.

"Sijaridhika."

"Dada, utatuangusha sote!" Asali ilikuwa imekwisha.

"Basi tuanguke pamoja. Si ndilo kundi?"

Kiongozi akamtazama Kaka. Kaka akatazama dirishani. Ilibidi kijana ameze mate.

"Sabini na tano kila mtu," alisema. "Umefurahi?"

Wakaridhika mmoja baada ya mwingine, meno yamekazwa, naye Dharura akaridhika wa mwisho. Wale watatu walikusanya mikoba wakatoka bila kumuaga. Alipoushika mlango ili naye arudi jikoni, Kaka akamwita.

"Umepata haki yako, hongera. Ila muhula ujao makundi mnachaguana wenyewe. Baada ya leo, nani atakuchukua?"

"Nitafanya peke yangu."

"Hatuna kazi ya mtu mmoja, unajua hilo."

"Basi nipangie kundi, Kaka. Nakuomba."

Mhadhiri akatabasamu, tena kwa huruma ya kweli.

"Ah, mdogo wangu. Hapa hatumlazimishi mtu."