Shamba Lililoachiwa Nafasi ya Mshono

Habari hii ni ya kweli tupu, kuanzia neno la kwanza mpaka nukta ya mwisho. Anayeisimulia yuko tayari kuapa popote, mbele ya yeyote, kwa njaa au kwa shibe.

Mama Koki alisoma mita za maji za jiji miaka thelathini, mlango kwa mlango, mpaka mbwa wa mtaa mzima wakawa wanamwamkia. Alipostaafu, watu walidhani atakaa kibarazani ajipumzikie. Wapi! Alikikodolea macho kiwanja kitupu nyuma ya soko, akasema pale patakuwa shamba la mtaa. Jiji lilikuwa na fungu la kusaidia mashamba ya namna hiyo: uzio, tangi, bomba na mbegu. Miaka miwili alizunguka kukusanya sahihi. Siku ya mwisho ya maombi ikawa Ijumaa. Mtaa ukikosa, Jumatatu kiwanja kinageuzwa maegesho ya magari.

Ijumaa hiyo aliingia ofisi ya mipango miji pamoja na shemeji yake, fundi cherehani, aliyepima kiwanja na kuchora ramani. Ramani yenyewe acha tu! Kila tuta limenyooka kama mkunjo wa suruali ya bwana harusi.

Ofisa, binti mwenye miwani, aliitandika juu ya ramani ya jiji, akaweka rula, akainua uso.

"Mama, shamba lenu limezidi mita mbili. Uzio umesimama barabarani."

Mama Koki akamgeukia shemeji yake. "Ulipima na nini?"

"Na utepe wangu wa nguo. Na nini tena?"

"Ukaandika kilichosomeka?"

Fundi akajikuna shingo. "Kila utepe ulipoisha niliongeza vidole vinne. Nafasi ya mshono."

"Mshono! Shemeji, ardhi unaishona na nini?"

"Mkono umezoea, shemeji yangu. Miaka arobaini sijakata kitu bila kuacha mshono. Nguo ikimbana mtu, anatukanwa nani?"

Ofisa alibana kicheko, kisha akatazama saa. "Dirisha linafungwa saa sita. Zimebaki dakika ishirini. Nikiipokea hivi, wakubwa wataitupa."

Mama Koki alifikiria milango yote aliyogonga, na wazee waliotia sahihi kwa mkono unaotetemeka. Halafu akafanya kile alichofanya kila mteja alipombishia kuhusu maji: akarudi kwenye tarakimu. Mita mbili. Matuta manane. Robo mita kila tuta.

"Shemeji," alisema taratibu, "mteja wetu amekonda. Mpunguzie."

Mkasi ukatoka mfukoni. Fundi alikata kwa kasi mpaka feni ya dari ikasimama kumtazama. Akatoa ukanda mwembamba kwenye kila tuta, akaunganisha vipande kwa gundi ya ofisi, na ramani ikakaa ndani ya mpaka, sawia.

"Na matuta membamba si hasara?" ofisa akauliza.

"Faida, mwanangu," Mama Koki akajibu. "Sasa hata bibi mwenye mgongo mbovu ataufikisha mkono katikati ya tuta bila kukanyaga mche. Yale mapana tuliyachora kwa tamaa."

Muhuri ukagonga. Ofisa alisema wataalamu wengi wamepita mezani pake, lakini hajaona aliyerekebisha kosa kubwa hivyo bila kumfokea mwenzake.

"Kunifokea atanifokea nyumbani," fundi akamtoa wasiwasi.

Jiji likatoa fungu lote. Na mavuno ya kwanza? Boga moja lilibebwa na lori la taka, watu sita wakisukuma, na barabara ikafungwa siku nzima!

Hapo ndipo Mama Koki, aliyekuwa akisoma kurasa hizi nyuma ya bega la msimulizi, aliposhika karatasi.

"Boga gani? Tangi limefika jana. Hatujapanda hata mbegu moja!"

"Nilimaanisha litabebwa..."

"Haya, tangulia ukalilainishie udongo. Toroli kumi na mbili za samadi, na karatasi hizo za uongo tutazifukia chini yake. Vaa mabuti."

Msimulizi amevaa mabuti. Toroli ya tatu inamsubiri, na gurudumu lake, hili nalo ni kweli, limepinda.