Tairi la Nyuma la Marehemu Benoît

Tairi la nyuma lilipasuka kabla ya daraja la Tshopo, kwenye barabara ya Bengamisa, na mlio wake ulimshtua kila mpita njia isipokuwa Pélagie. Yeye alikuwa amekaa upande upande nyuma ya shemeji yake, na fungu la nguo mapajani, na siku hizo hapakuwa na kitu chenye nguvu ya kumshtua. Alishuka, akakung'uta vumbi kwenye kitambaa chake cheusi cha ujane, akasubiri kuambiwa la kufanya. Kuambiwa la kufanya ndiyo ilikuwa kazi yake tangu mumewe azikwe.

Shemeji yake, Léon, aliizunguka pikipiki, akainama, akalibonyeza tairi kwa kidole gumba.

"Pneu imekufa," alisema. Neno lilimtoka kabla hajalipima, akaona haya, akajifanya anafunga vizuri kamba ya mizigo.

Wakaisukuma kurudi mjini, yeye kwenye usukani, Pélagie akisukuma nyuma, jua likiwachoma bila huruma. Asubuhi ile ile majirani wa mtaa wa Belge walikuwa wamemuaga kwa kwikwi na makamasi. Honorine, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuwa ameachiwa sufuria mbili nzuri za kumkumbuka Pélagie. Sasa huyo wa kukumbukwa anarudi kabla ya saa sita, amechafuka miguu. Honorine alirudisha sufuria moja siku hiyo hiyo. Ya pili alisema ina maharage motoni.

Pikipiki ilikuwa ya Benoît, mume wa Pélagie, karani wa uwanja wa ndege wa Simi-Simi. Aliinunua mwaka hamsini na nne, akaipenda kupita kiasi, na kila Jumapili baada ya misa alimpakia mkewe wakaenda kutazama maji yanavyofoka kule kwa Wagenia, wavuvi wa maporomoko. Miaka miwili baadaye ini likamkamata. Pélagie alimwosha, akamgeuza, akamlisha uji kwa kijiko, akakesha naye mpaka mwisho, na mwisho ulipofika hakupumzika, maana matanga yalianza papo hapo, na watu wa matanga wanakula.

Matanga yalipokwisha, wazee wa ukoo kutoka Bengamisa wakakaa kikao. Aliyekata kauli ni Papa Anselme, kaka mkubwa wa marehemu baba yake Benoît. Alisema kitanda kiende kwa lori, kisha Léon, mdogo wa Benoît, aje kuchukua tukutuku na mwanamke. Alisema hivyo kwa pumzi moja, pikipiki na mwanamke, kama mtu anayeagiza chumvi na sabuni. Mahari ilikuwa imetoka Bengamisa, basi na mwanamke ni wa Bengamisa. Pélagie hakuwa na mtoto, baba yake alikwisha kufa, na kaka yake yuko mbali. Mwenyewe hakubisha. Alikuwa na uchovu ule ambao usingizi hauutoi, na mtu aliyechoka namna hiyo unaweza kumfunga kwenye mizigo akakushikia kamba.

Na Léon je? Léon alikuwa amefunga ndoa ya kanisa na Clothilde, na sauti yake nene ndiyo iliyobeba kwaya yote ya Bengamisa. Padri alikwisha kumwambia wazi: siku akiingiza mwanamke wa pili nyumbani, kwaya basi, komunyo basi. Lakini shamba la kahawa alilolima lilikuwa la Papa Anselme, na mbele ya Papa Anselme ile sauti nene ilikuwa haitoki. Basi alikuja, akafunga mizigo, akawasha pikipiki. Yeye na Pélagie hawakuwa wamelizungumza jambo lenyewe hata mara moja. Walizungumza juu ya kamba, juu ya mvua, juu ya petroli.

Fundi aliitwa Alfani, mtu wa Maniema, mzee wa kofia nyeupe, na kibanda chake kilikuwa karibu na soko. Alilivua gurudumu, akapitisha kiganja ndani ya tairi polepole, akaguna.

"Chambre à air, mpira ya ndani, iko jambo ndogo, natia kiraka sasa hivi," alisema. "Lakini pneu yenyewe imepasuka kwa ubavu. Naweza kukata kipande ya pneu ingine, naishona ndani. Itatembea. Lakini itabeba mutu moja, tena pole pole. Mukipanda wawili, itapasuka tena."

"Na kubadilisha?" aliuliza Léon.

"Kubadilisha, bon, itabeba hata watatu. Lakini kipimo ya hii haiko hapa Kisangani. Mpaka bateau itoke mji mkuu, Léo, na mpya."

"Tungoje bateau," alisema Pélagie.

Wanaume wote wawili waligeuka wakamtazama. Alikuwa hajasema analotaka kwa siku nyingi, na hata yeye sauti yake ilikuwa ngeni masikioni mwake. Hakuwa na hila yoyote. Alisikia tu neno kungoja, akaliona zuri. Kungoja maana yake ni kwamba hakuna atakayemwambia simama, kaa, shika hii, twende.

"Bon, tungoje," alisema Léon, haraka kuliko kawaida yake.

Wakangoja. Léon alilala kwa Eugène, rafiki yake wa kwaya aliyekaa karibu na misheni, na kila asubuhi alikuja kumsalimia shemeji yake, akanywa chai barazani, akauliza habari za meli. Akiambiwa bado, aliitikia kwa kichwa na kuomba chai nyingine. Kwa mtu mwenye haraka, alikunywa chai taratibu mno.

Pélagie naye alikitoa cherehani chake kwenye gunia. Ni siku mbili tatu tu, alijiambia, nisikae bure. Cherehani kilikuwa chake, hata wazee hawakukigusa, na habari zilipoenea kwamba amerudi, wanawake walianza kuleta vitambaa vyao awashonee mabaya, zile blauzi za kuvaliwa na kitenge. Alishona mlango ukiwa wazi. Kodi ya nyumba ya mwezi ikatoka kwenye cherehani, ikabaki na ya mboga. Siku moja akanunua samaki wa Wagenia, akampika na sombe, majani ya muhogo, akakaa kwenye mkeka kula kidogo tu kama alivyozoea, akaja kushtuka sahani ina miiba mitupu. Alimaliza samaki mzima peke yake. Akaona aibu mbele ya marehemu, kisha akaramba vidole.

Jioni hiyo alimwambia Honorine uani: "Nataka kubakia hapa."

"Basi sema," alijibu Honorine.

"Niseme kwa nani?"

Honorine alichochea moto. Mtu wa kuambiwa alikuwa Bengamisa, na huyo hakuzoea kuambiwa.

Wakati huo Papa Anselme alikuwa amechoka kusubiri. Dereva wa lori aliyeleta mchele kutoka Bengamisa akaja na ujumbe na pesa: pneu inunuliwe mpya kabisa, na Léon afike na vitu vyote alivyotumwa. Vyote, dereva alikazia, kama alivyokaziwa. Na kana kwamba meli nayo ilimwogopa mzee yule, kesho yake ilipiga honi bandarini.

Pélagie alikuwa anashona mkono wa libaya aliposikia honi. Mguu ukasimama juu ya kikanyagio. Hapo ndipo akili iliyokuwa imelala tangu matanga ilipoamka, na iliamka na hasira. Tairi jipya linabeba wawili! Alfani alisema waziwazi, na yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, ndiye aliyelichagua. Kiraka ndicho kinachobeba mtu mmoja. Angesema kiraka siku ile, Léon angekwenda zake na pikipiki yake, na yeye angebaki na cherehani. Alikuwa amenunua siku chache za kukaa kimya, na bei yake ni kupelekwa Bengamisa maisha yote. Alijiita mpumbavu kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Lingala, akatoka hata viatu hakuvaa.

Alimtafuta Léon bandarini kwanza, wakapishana, na alipofika kibandani, tairi jipya lilikuwa tayari limelazwa kwenye turubai, jeusi, linanuka duka. Lile kuukuu lilikuwa pembeni. Alfani alikuwa amepiga magoti na gurudumu, na Léon amesimama na mikono nyuma kama mtu aliyeitwa ofisini.

"Papa Alfani," alisema Pélagie akihema, "usiweke ile mpya. Shona ya zamani."

Alfani alimtazama Léon. Léon alitazama miguu ya shemeji yake, peku, imejaa vumbi.

"Semeki," Pélagie alimwambia shemeji yake, "mi sikatai wewe. Wewe uko mutu muzuri. Nakataa kubebwa. Nimechoka. Benoît alikufa mikononi mwangu, na toka siku ile hakuna mutu aliniuliza hata kama niko na njaa. Sitaki kuenda Bengamisa."

Alifikiri atalia, lakini hakulia.

Léon alijifuta uso kwa kiganja, kutoka kwenye paji mpaka kidevuni.

"Siku ile pneu ilipasuka," alisema, "mi nilisema ndani ya moyo, asante Mungu."

Pélagie alipaswa kufurahi, na alifurahi. Lakini ilimchoma kidogo pia, tusifichane. Mwanamke hata kama humtaki mtu, hupendi kusikia kwamba Mungu ameshukuriwa kwa kukukosa.

"Alors, iko kiraka," alisema. "Utaenda peke yako. Utaambia Papa Anselme pneu ilikataa kubeba watu wawili. Hatakukasirikia."

"Eh," alisema Léon. "Hatakasirika."

Alfani akaona shauri limekwisha. Akalisukuma jipya kando, akavuta lile kuukuu, akatafuta kisu chake cha kukatia raba. Lakini Léon alikuwa bado anautazama ule mpasuko ubavuni, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesoma habari mbaya.

"Hapana," alisema. "Papa Alfani, weka mpya."

Pélagie akafikiria fungu la nguo ambalo bado lilikuwa limefungwa nyumbani. Maneno aliyokuwa nayo alikwisha kuyasema yote.

"Semeki, unisikie," Léon aliendelea, polepole. "Nikifika na kiraka, Papa Anselme atasema kosa iko ya pneu. Atatuma pesa tena, atanituma mimi tena. Mwezi kesho niko hapa, nafunga mizigo yako. Lakini nikifika na pneu mpya, pneu ya kubeba watu wawili, na nyuma hakuna mutu, atasingizia nini? Ataona nafasi ilikuwako. Atajua tulikataa. Wewe na mimi."

"Na shamba ya kahawa?" aliuliza Pélagie.

"Shamba iko yake. Akitaka, achukue." Hakusema kwa ushujaa. Alisema kama mtu aliyebeba gunia mbali mno na sasa analitua popote, hata kwenye tope. "Clothilde iko na mikono, mimi pia. Tutaona."

Pélagie alitaka kumshukuru, akaona neno lenyewe ni dogo. Alfani alilipachika tairi kwenye gurudumu, akaligonga kuzunguka, akalitia upepo huku akihesabu kwa midomo, akalirudisha gurudumu mahali pake. Hakuna aliyemharakisha.

Léon alipopanda, alijisogeza mbele kwenye kiti kumwachia nafasi mtu wa nyuma, kama alivyofanya siku ile ya kwanza. Akakumbuka. Akajirudisha katikati.

"Kwaheri, semeki."

"Umusalimie Clothilde."

Pikipiki ilinguruma ule mngurumo ambao Pélagie alikuwa akiutambua tangu kona ya mtaa, Benoît akirudi kutoka kazini na njaa yake na hadithi zake za ndege. Ilipita sokoni, ikapinda kuelekea Tshopo, tairi jipya likiacha alama safi kwenye vumbi, na kiti cha nyuma kitupu kikirukaruka. Aliitazama mpaka moshi wake ukaisha. Ilimuuma kuiona inakwenda. Kitu cha mwisho cha mumewe kilikuwa kinaondoka, na alikuwa amekimbia peku kuhakikisha kinaondoka bila yeye.

Honorine alikuwa mlangoni pake akichambua mchele. "Mumeweka pneu gani?" aliuliza.

"Mpya."

"Na wewe uko hapa?"

"Niko hapa."

Honorine alitaka kuuliza zaidi, lakini aliuona uso wa mwenzake, akaurudia mchele wake. Pélagie aliingia ndani, akajilaza juu ya mkeka mchana kweupe. Wakati wa matanga alilia alipoambiwa lia, na alinyamaza alipoambiwa inatosha. Sasa hapakuwa na mtu wa kumwambia lolote, na alimlilia Benoît mpaka usingizi ukamchukua.