Mzaramo Aliyepewa Hospitali

Hospitali yetu ya misheni pale Ipuli imepitia wakuu wa kila namna. Nilipoanza unesi, mkuu alikuwa padri ambaye elimu yake ilikuwa Kilatini na ufugaji wa nyuki. Akafuata sajini mstaafu, tukawa tunatandika vitanda kwa filimbi. Halafu wakaja madaktari wawili, mmoja baada ya mwingine, na watu wakazoea kwamba mkuu ndiye anayeshika kisu. Kabla ya kupasuliwa, mgonjwa alipeana naye mkono, roho ikatulia.

Mwaka 1958 tukaletewa Silasi, kijana wa Kizaramo aliyesomea uendeshaji wa hospitali huko Uingereza. Si padri, si daktari, hata sindano hajui. Mimi nilinuna waziwazi. Nilimwita Bwana Karani na sikuona haya.

Wiki ileile baba yangu, mzee Lugembe, akaletwa kwa treni kutoka Kaliua, ngiri imemkaza utumbo. Daktari Hilari, ambaye sasa ndiye aliyeshika kisu, akasema asipopasuliwa leo, hatafika kesho. Baba akagoma.

"Mkono nitampa mkuu anayepasua," alisema. "Huyu karani wenu anapasua nini, bahasha?"

Nilimpigia magoti, hakunisikia. Kaka zangu wakaanza kutafuta machela ya kumrudisha nyumbani.

Hapo akaingia Silasi na suti yake. Nilijua atatoa hotuba, nikajiandaa kumfukuza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kabila gani wewe?"

"Mzaramo."

Wodi nzima iligeuka. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakipeleka pembe pwani. Wanatukanana bila kugombana, na msibani mtani ndiye mwenye kelele zote.

Silasi akavuta kiti. "Basi usipasuliwe, mtani. Kufa tu. Mazishi nitasimamia mimi. Kofia yako nitaivaa, kuku wako nitawala, na waombolezaji nitawaambia kwamba baba wa huyu Mnyamwezi alibeba pembe mpaka Bagamoyo, yeye kashindwa kubebwa mpaka chumba cha pili."

Nilijiziba mdomo. Baba alimkodolea macho, kisha akacheka mpaka maumivu yakamtoa machozi.

"Mzaramo anizike mimi? Pelagia, waite wenye machela. Nipelekeni kwenye hicho kisu."

Walipomwingiza, nilimkuta Silasi nyuma ya jengo, ameketi kwenye ngazi, koti kalivua.

"Dada Pelagia," alisema, "akifia mle ndani, mimi ndiye niliyemwambia afe."

Niliogopa kama yeye, pengine zaidi. Nikaketi kando yake, mimi niliyeapa kutompisha hata mlangoni, tukangoja pamoja.

Jioni Daktari Hilari akatoka, akamtazama Silasi.

"Mzee ameamka. Anasema ana matusi yako, uingie uyachukue."

Nikalia kwa sauti, nikimwegemea mkuu wangu begani.