O Yenye Mshikaki

Nilikuwa nimeshaaga. Ufunguo wa chumba changu cha mtaa wa Kianda nilikuwa nimeurudisha, mkebe wa brashi uko begani, na boda ya kunipeleka barabara kubwa ilikuwa imeanza kutembea. Naenda Voi. Mwenye lojing'i moja ya wageni huko alitaka jina lake liandikwe ukutani kwa rangi tatu, na hiyo ndiyo kazi yangu, kuandika kuta. Darasa la kwanza nilisomea Kitui, la tatu Makindu, la tano sikulimaliza popote. Herufi nyingi nimezijua kwa kuzipaka. Mahali sikai zaidi ya miezi sita, miguu huniwasha.

Boda nyingine ikatukata mbele. Juu yake alikuwa Ndanu, mtoto wa marehemu dada yangu, tumbo limemtangulia.

"Anko Muli, shuka," akasema. "Hata salamu sina. Shuka."

Miezi sita ya mimba na ametoka Kawangware kwa boda! Nilimgombeza, hakunisikia. Alitoa bahasha chini ya leso akanipa.

Mumewe, Wambua, yuko Norwei mwaka wa pili sasa, anafanya kazi kwenye kiwanda cha samaki; likizo alikuja mara moja tu, miezi sita iliyopita. Ndanu alikuwa anaomba viza amfuate. Siku yake ya kupeleka fomu ilikuwa kesho yake, saa tatu asubuhi.

"Nikikosa kesho, siku nyingine wanayonipa ni baada ya miezi miwili," akasema. "Na daktari amesema wakati huo hakuna ndege itanibeba. Nitazalia hapa, Wambua amwone mtoto wake kwa simu."

"Sasa shida ni gani?"

"Jina la bosi wake, aliyetuandikia mwaliko. Lina O imedungwa mshikaki, ona. Na hii A imelaliana na E kama mapacha. Nilijaza mwenyewe kwa simu, kuchapisha ikatoa alama za kuuliza. Wewe ndiye mwandishi wa familia. Niandikie."

Mtu akikuambia hivyo, utakataa? Nilimlipa mwenye boda nikamwacha aende zake.

Tulienda kwa Obonyo, fundi wa mbao pale karibu na steji ya Olympic, kwa sababu benchi lake limenyooka. Aliponiona aliweka randa chini.

"Wewe si umeenda? Mwaka huu nimekuaga mara ngapi?"

"Tatu."

"Zangu ni tano. Nitaanza kukutoza."

Nikachukua brashi nyembamba kuliko zote na wino mweusi. Jina lenyewe lilikuwa Bjørn Sæbø. Alama za kuuliza nilizifunika kwa rangi nyeupe, nikangoja ikauke. Kisha zile O mbili, nazo nikazingoja zikauke, ndipo nikapitisha mishikaki yake, kila mmoja kwa mkupuo mmoja. Halafu wale mapacha. Zilitoka vizuri hata nikaona nitazidhulumu nikiziacha hivyo. Nikaziwekea kivuli upande wa kulia, kidogo tu, cha kijivu.

Obonyo akainama akatazama. "Sasa hiyo ni fomu ama ni ukuta wa kinyozi?"

"Mwache," Ndanu akasema. "Imependeza, anko. Asante."

Kesho yake nilimsindikiza, nikakaa kwenye ukingo wa barabara nje ya ofisi ya viza, nimenyoa ndevu kama mtu wa harusi. Saa nne na nusu akatoka. Bahasha bado ilikuwa mkononi.

"Yule mama wa dirishani aliinua karatasi kwenye mwanga," akasema. "Akaniuliza, nani amechora hapa? Nikamwambia ni anko yangu. Akasema, ana mkono mzuri, lakini fomu iliyofutwa ikaandikwa juu haingii hapa. Nikipeleka safi kabla ya saa nane ataipokea. Saa nane dirisha linafungwa."

Hakunilaumu. Alikuwa amevua kiatu kimoja, anasugua mguu uliovimba. Heri angenitukana. Miaka arobaini nimepaka kuta za watu na sijawahi kuharibu ya mtu, kumbe ya kwanza kuharibu ingekuwa ya mtoto wa dada yangu, tena kwa sababu ya kivuli.

Tulichukua boda mbili hadi Kawangware, kwa Waceke, mwenye cyber, duka la kompyuta, jirani na anakoishi Ndanu. Tukamkuta amekaa mlangoni anajipepea na daftari.

"Stima imepotea tangu saa tatu, guka," akaniambia, kwa Kikuyu chao ananiita babu. "Laptop iko na chaji. Printa ndiyo haina moyo."

"Tuanze na chenye moyo," nikasema.

Akafungua laptop, akasikiliza hadithi yote, akatazama karatasi yangu akacheka mpaka akashika meza. Kisha akamuuliza Ndanu, "Uko na kopi ya pasipoti ya huyo bosi?"

Ilikuwemo. Waceke akaweka kidole chini kabisa ya ukurasa wa picha, kwenye ile mistari miwili iliyojaa mishale.

"Huku juu ni kwa macho ya watu, huku chini ni kwa macho ya mashine. Nchi yake yenyewe imeshamwandikia kwa herufi za kawaida. Unaona? SAEBOE, halafu BJOERN. Hatubuni kitu, tunanakili tu."

Ndanu akavuta mkono wa Waceke kutoka kwenye kibodi. "Hilo si jina lake. Watasema nimedanganya, wanifungie kabisa. Aki siwezi."

Hapo sasa nikapata la kusema. Nikamwambia atoe kadi yake ya ubatizo, ambayo alikuwa ameibeba pamoja na kila karatasi aliyopata kupewa duniani.

"Soma ulikozaliwa."

"Kĩtui."

"I imevaa nini?"

"Kofia."

"Haya, soma kwenye pasipoti yako."

Akasoma. "Kitui. Kichwa wazi."

"Kwani Kitui imehama?"

Waceke akapiga meza. "Hata zetu za Kikuyu serikali ilizivua kofia zote, na hakuna mtu alipata homa!"

Ndanu akalinganisha zile karatasi mbili, kisha akaachia mkono wa Waceke. "Andika."

Ikabaki stima. Mlango wa pili ni saluni ya Jentrix, na nyuma yake jenereta ndogo ilikuwa inakohoa. Ilikuwa inabeba draya moja tu ya nywele, na chini ya draya kulikuwa na mama ana rola kichwa kizima.

"Hii jenereta haiwezi vitu viwili," Jentrix akasema. "Na nikimchomoa huyu saa hii, nywele zitaharibika, nianze upya."

Mama wa rola akainua draya kidogo. "Kuna nini?"

Ndanu akamweleza kwa maneno machache, mkono juu ya tumbo.

"Chomoa," yule mama akasema. "Wangu nilimzaa babake akiwa Turkana, akamwona ana meno. Jentrix, nimesema chomoa."

Jentrix akachomoa, Waceke akavuta waya wa printa hadi kwenye jenereta. Printa ikaamka, ikatoa kurasa tatu, safi. Nilinyoosha mkono kuzipokea, Ndanu akanikata jicho. "Anko, mikono mfukoni."

Tulifika dirishani saa nane kasoro robo. Yule mama akasoma jina, akatazama kopi ya pasipoti chini kule, akagonga muhuri. Ile karatasi yangu ya kwanza, iliyokuwa bado ndani ya bahasha, akamrudishia Ndanu. "Mpe anko wako. Aiweke."

Nimelala nchi nne na miji nisiyoikumbuka, na nimesaidiwa na watu wengi, ila sijui kama nimewahi kusaidiwa hivyo na watu ambao sikuwa nimewafanyia lolote. Mtu alikaa na maji kichwani kwa ajili yetu. Mungu awakumbuke.

Sikwenda Voi wiki hiyo. Niliandika mlango wa Waceke na ukuta wa Jentrix, bure, vivuli vikiwa nyongeza.

Viza ilitoka baada ya siku kumi na tisa. Ndanu alisafiri na barua ya daktari. Mtoto ni msichana, anaitwa Wanza, jina la mama yake Wambua, na Wambua alikuwepo akizaliwa. Bado yuko kiwandani. Bosi wao amestaafu. Waceke amenunua printa ya pili. Jentrix ana jenereta kubwa. Mama wa rola alirudi akatengenezwa nywele bila malipo, na jina lake sikulipata. Obonyo ameipigilia ile karatasi juu ya benchi lake. Mwenye lojing'i wa Voi alitafuta mwandishi mwingine. Mimi niko Taveta.