Chapa Kwenye Jezi

Timu ya besiboli ya Bula Raha ilibadilisha jezi mara nyingi kuliko ilivyoshinda mechi, na kila jezi ilipita mikononi mwa Jawahir, binti Kulow, fundi cherehani mwenye kibaraza nyuma ya soko la Garissa. Sheria za mchezo wenyewe hakuzijua hata moja. Alichojua ni kwamba mwanawe Deeq ndiye mrushaji, na kwamba Jama, rafiki wa Deeq wa kufa na kuzikana, ndiye aliyechuchumaa kudaka kila alichorusha mwenzake. Bila wawili hao hakuna timu, na Mwalimu Nzioka angekuwa ameshafunga virago akarudi kwao Machakos.

Mwalimu huyo ndiye aliyeuleta mchezo huo mjini, mwaka wa tisini na tatu, na watu walimcheka mpaka wakachoka. Lakini vijana waliokulia porini wakirudisha mbuzi kwa kuwatupia mawe mbele ya pua hawakuhitaji kufundishwa kulenga. Walichokosa ni nguo.

Jezi za kwanza zilikuwa fulana nyeupe, na namba Jawahir alizichora kwa hina, kwa kuwa hina ndiyo rangi aliyokuwa nayo nyumbani. Namba zilikolea vizuri, kisha jasho likazisambaza, hata kufikia katikati ya mechi vijana walikuwa kama wametoka kumpamba bibi harusi. Mwaka uliofuata akawashonea korongo, yule ndege mwenye upara anayejaa juu ya miti yote ya mji. Ni ndege wa kwetu, alijitetea. Wapinzani wakawaita wala taka, na korongo akafumuliwa. Baadaye mfanyabiashara mmoja akaleta mitumba kutoka kambi ya wakimbizi ya Hagadera, na humo mkawa na jezi halisi za besiboli, zenye vifungo mbele, kutoka Amerika. Tatizo hakuna mbili zilizofanana. Huyu ana dubu, huyu ana ndege mwekundu, huyu ana herufi zilizosukana kama nywele. Refa aliuliza ni timu ngapi zinacheza.

Ndiyo maana, mwaka wa tisini na sita, vijana wa Meru walipoahidi kuja kucheza Jumamosi, Mwalimu Nzioka alifika kibarazani na jora la kitambaa cha kaki.

"Mama Deeq," alisema, "safari hii rangi moja na nembo moja. Tuchoree kitu cha mchezo wenyewe. Mpira na kigongo, basi."

Jawahir alichora duara, huo mpira. Chini yake akachora mstari ulioinama, hicho kigongo. Akautazama mchoro akaona una upungufu fulani, akauongezea kikulabu kidogo mwishoni. Sasa ulitulia machoni. Akaushona kwa uzi wa kijani, kila jezi mahali pamoja, kifuani upande wa moyo, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kuivisha timu ile alijisifu mwenyewe bila kusubiri kusifiwa.

Alhamisi vijana walizivaa wakazunguka nazo mtaani, vifua mbele. Kwa Habibo ndipo walipokwama.

Habibo alikuwa bibi yake Jama, mwuza maziwa ya ngamia, mwanamke ambaye hata madalali wa mifugo walimpisha njia. Alimwona mjukuu wake anakuja anacheka. Akautua mtungi wake chini, akaitazama nembo ile, na sura ikambadilika.

"Jama," alisema, "nani amekuchoma chapa?"

Mgeni asingeelewa swali hilo. Kila mfugaji wa huku angelielewa akiwa usingizini. Ngamia hana karatasi wala jina la baba. Ana chapa aliyochomwa kwa chuma cha moto, na kila ukoo una yake. Ngamia akipotea mwaka mzima akaonekana upande wa Takaba, atakayemwona ataisoma chapa na kujua wa nani. Na duara lenye mkia na kikulabu lilikuwa chapa ya marehemu Kulow, babake Jawahir. Aliyebeba alama ya Kulow ni mali ya Kulow.

Lingekuwa jambo la kuchekwa kama si kisima. Miaka michache nyuma watu wa Habibo na watu wa Jawahir waligombania kisima huko upande wa Elwak, na watu walizikwa. Suluhu ilifanyika, msahafu ukashikwa, lakini mpaka leo watu walisalimiana kwa uangalifu na kuketi kila upande kivyake. Mahali pekee walipochanganyika bila kufikiri palikuwa uwanjani, kwa sababu Deeq hakuweza kurusha bila Jama, na Jama alikuwa hana la kudaka bila Deeq.

Kabla ya adhana ya alasiri jezi nne, zote za vijana wa upande wa Habibo, zilikuwa zimerudishwa kibarazani, zimekunjwa vizuri. Ya Jama ilikuwa juu. Deeq aliikuta pale, akaishika, akairudisha, akaingia ndani na kuuvuta mlango. Heri angepiga kelele.

Mwalimu Nzioka alikuja mbio. "Mama Deeq, huu si mpira?"

"Ni mpira, mwalimu."

"Na hiki si kigongo?"

"Ni kigongo."

"Sasa ngamia ametokea wapi?"

"Hakutokea, mwalimu. Alikuwepo," Jawahir alimjibu, na hilo lilimuuma kulisema. Wallahi hakukusudia. Lakini pia hakuweza kuapa kwamba mkono wake haukujua. Alikuwa amezaliwa akiiona chapa ile ikipita mbele ya macho yake asubuhi na jioni, mpaka ukame wa tisini na mbili ukawamaliza ngamia wote, mama na ndama, na mzee Kulow akawafuata. Hapakuwa na mnyama hai aliyebaki na alama hiyo. Labda mkono ulikuwa umeikumbuka peke yake.

Akachukua wembe wa kufumulia. Hapo akaingia Adeer Abdimalik, mdogo wa babake, aliyekuwa ameshapata habari zote pamoja na chumvi zake.

"Unafanya nini?"

"Nafumua, Adeer. Yaishe."

"Yaishe?" Mzee aliketi kwa kishindo. "Hukushauriana na mtu ulipoishona, hilo ni kosa lako. Lakini sasa ukiifumua kwa sababu Habibo amekasirika, umefuta chapa ya kaka yangu kwa amri ya watu wa kisimani. Hilo litakuwa letu sote. Ukitia wembe hapo, Jawahir, usiniite adeer tena."

Aliondoka bila kunywa hata chai, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Jawahir akabaki na wembe mkononi. Akiiacha nembo, watu wa Habibo wametukanwa. Akiitoa, watu wake wamedhalilishwa. Yote hayo kwa ajili ya mchezo ambao hata mwenyewe hauelewi! Aliichukia besiboli, akamchukia Nzioka na Machakos yake, kisha akajichukia mwenyewe zaidi ya wote. Aliogopa. Alijua ugomvi wa visima umeanzia kwenye mambo madogo kuliko uzi wa kijani.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, alizitia jezi zile nne kwenye mfuko akaenda nyumbani kwa Habibo. Hakuwa na mpango wowote. Alikwenda kwa kuwa hakuweza tena kukaa.

Uani palinuka moshi wa vibuyu vilivyofukizwa. Ngamia jike alikuwa amesimama karibu na ua wa miiba, akitafuna taratibu.

"Assalamu alaykum, Eeddo Habibo," alisema, akimwita shangazi kwa heshima ya umri.

"Wa alaykum salaam. Umekuja kuhesabu mifugo yako?"

Jawahir aliutua mfuko. "Nimekuja kuomba radhi. Sikukusudia."

"Kukusudia!" Habibo alimwita mjukuu wake kwa sauti iliyomtoa jike yule kwenye kutafuna. "Jama! Njoo uvae. Aione kazi yake mwenyewe."

Jama alivaa, macho chini. Bibi yake akamshika bega na kumgeuza huku na huku, vile dalali anavyomgeuza mnyama mbele ya mnunuzi.

"Mimi sisomewi chapa," alisema. "Watu wangu huchoma paja la kulia. Babako, Mungu amrehemu, alichoma shingo ya kushoto, chini ya sikio. Naijua tangu hujazaliwa, nimeshakunywa maziwa ya ngamia wake mimi. Leo naiona kwa mjukuu wangu, imewekwa hapa..." Alimgonga Jama kifuani kwa kidole. "Hapa..." akamgonga tena.

Kidole kikabaki pale pale.

Nyuma yake ngamia alikunja miguu ya mbele, akaguna, akajishusha chini na kulalia kifua chake juu ya lile sugu gumu wanalozaliwa nalo wote. Habibo aligeuka akamtazama. Akamtazama tena Jama. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe.

"Jawahir. Babako aliwahi kumchoma ngamia kifuani?"

"Kifuani?" Jawahir alidhani ni mtego. "Hapana, Eeddo. Ndipo anapolalia. Kidonda hakingepona."

"Kaka zake je?"

"Hapana."

"Watu wa Wajir? Watu wa Mandera?"

"Sijapata kusikia."

"Wala mimi sijapata, na nimezeeka." Habibo alivuta pumzi. "Mtu akija mbele ya wazee kudai ngamia, akasema chapa yake iko kifuani, watamfanyaje?"

"Watamfukuza," Jawahir alisema, na hapo ndipo akaelewa.

"Watamfukuza! Watamwambia kamwone daktari!" Kicheko kilimtoka bibi yule kwa nguvu, akashika kiuno, akacheka mpaka shungi likamtoka kichwani. "Chapa ni alama na mahali pake. Mahali pasipo pake hiyo ni michoro tu. Ya Rabbi, nimekaa siku nzima na hasira ya bure!"

Jawahir alijaribu kucheka naye akashindwa. Akajikuta ameketi juu ya jerikani la maziwa, anashusha pumzi moja baada ya nyingine kama aliyetua mzigo wa kuni. Habibo alimletea maziwa bila kumuuliza kama ana kiu, akamsimamia mpaka akamaliza. Jawahir aliona wazi kwamba bibi huyu alikuwa ameomba njia ya kutokea tangu jana, sawasawa na yeye.

"Lakini siku utakayoishona kwenye kola," Habibo alimwonya, "tutaonana."

Adeer Abdimalik alipoletewa hoja hiyo aliitafuna kwa muda mrefu, akijitahidi asionekane amefurahi. "Kifuani," alisema hatimaye. "Kweli, si chapa. Basi hakuna cha kufuta." Akaomba chai, na ile ya jana akaifidia.

Kwa Mwalimu Nzioka alikwenda Habibo mwenyewe, na Kiswahili chake cha kusema b badala ya p. "Mwalimu, wewe najua mbira tu. Ngamia hujui. Wacha watoto nacheza." Mwalimu hakuelewa kilichoharibika wala kilichotengenezwa. Alishukuru hivyo hivyo, mara nyingi, kwa kila aliyepita.

Jumamosi Bula Raha walifungwa vibaya. Hakuna haja ya kulificha. Vijana wa Meru walikuwa na viatu vya mchezo na mrushaji mwenye mkono wa kutisha, na jua la Garissa halikuwapunguza kama ilivyotarajiwa. Lakini tisa wetu walikuwa wamesimama wote, wamevaa kitu kimoja, na Jawahir alikuwa ameketi pembeni miongoni mwa wanawake wa kwao, anatazama tu kifua hadi kifua. Habibo alikuwa upande wa pili, na watu wake.

Kisha zamu ya Deeq ya kushika kigongo ikafika, na mpira wa yule mrushaji ukaponyoka, ukampiga mbavuni, pu! Akaanguka chini.

Jawahir hajanyanyuka, mtu mwingine alikwisha kuingia uwanjani. Habibo alikuwa akienda kwa refa, kidole mbele.

"Wewe! Naona mtoto nabigwa?"

Refa, aliyekuja na timu ya wageni, alimweleza kwa adabu kwamba ni ajali ya mchezo, na kwamba sheria inampa aliyepigwa kituo cha kwanza bure, bila kupiga.

"Kituo?" Habibo alisema. "Kituo nakamuliwa maziwa? Habana. Sisi nataka diya! Ngamia! Haba haba, leo leo!"

Uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko. Vijana wa Meru walicheka, Mwalimu Nzioka alicheka, hata Deeq pale chini alicheka huku ameshika mbavu. Wazee peke yao walitazamana kwanza. Diya, fidia ya aliyeumizwa au kuuawa, haidaiwi na kila mpita njia. Hudaiwa na jamaa zake wa damu, wale wanaosimama pamoja naye katika kulipa na kulipwa. Mtu hadai diya ya mtoto wa wengine. Tangu kisima kile, neno hilo Habibo na watu wa Jawahir walikuwa wakiambiana kutoka pande mbili zinazotazamana. Leo Habibo amelitoa kwa ajili ya Deeq, na amesema sisi.

Jawahir alimtafuta Adeer Abdimalik kwa macho, akaona naye amelisikia. Machozi yakamtoka, na hakujali nani anamwona. Aliondoka kwa wanawake wa kwao, akavuka uwanja mbele ya watu wote, akasimama ubavuni kwa Habibo, akamnyooshea refa kidole na yeye, akapaza sauti kudai ngamia.