Kiti Kilichoelekea Ukutani

Nusu ya kichwa ilikuwa imekwisha kunyolewa binti aliposema kinamuuma. Kinyozi hakuzima mashine. "Kinauma upande wenye nywele au usio na nywele?" akauliza, maana ulimi wake ulizoea kufika kabla yake. Binti akatabasamu kwenye kioo, tabasamu la kumridhisha mtu.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, saluni haijafunguliwa. Kila baada ya wiki mbili baba alimnyoa bintiye hapo, kwa sababu shule ilitaka nywele fupi na kwa sababu fundi alikuwa wa nyumbani. Binti alikuwa na miaka kumi na saba, na tangu mwaka uanze hajapata kumaliza wiki nzima bila kulalamika. Jumatatu kichwa, Jumatano tumbo, Ijumaa kifua kimebana. Zahanati walikwenda mara tatu. Damu safi, mkojo safi, kila kitu safi. Shangazi yake, aliyehamia kwao ili kusaidia malezi, alikwishatoa hukumu kwamba huyu anategea tu. Kinyozi mwenyewe alimbatiza jina la Dispensari, na mtaa mzima ukalidaka.

Sasa mwalimu mkuu alikuwa ameleta barua. Binti akikosa siku moja zaidi bila sababu ya kueleweka, jina lake lingeondolewa kwenye orodha ya watahiniwa. Kwa hiyo kinyozi alikuwa amekata shauri: leo, akiwa amekishika kichwa chake, atamwambia kwamba mchezo umekwisha. Kesho ni shuleni, kichwa kiume kisiume. Maneno alikuwa ameyapanga, pamoja na mzaha wa kuyalainisha.

"Sikiliza, mwanangu," akaanza. Alipoinua macho alimkuta binti anamtazama kiooni. Wateja wote hujitazama wenyewe. Huyu alikuwa akiusoma uso wa baba yake ili ajue ni jibu gani litapokelewa. Kinyozi akamjaribu. Akakunja uso, na binti akasema kimepungua. Akaukunjua, na binti akasema, ni kidogo tu, Baba, si sana. Kinyozi aliwajua watu wa namna hiyo, wale wanaousifu mkato wasioupenda ili wasimuudhi fundi. Kwamba na bintiye ni mmoja wao, hilo lilikuwa geni kwake.

Kulikuwa na jambo moja alilolifanya katika kazi yake bila kulizungumzia. Mtu akija akiwa amefiwa, alimzungushia kiti kikaelekea ukutani, akamnyoa kimyakimya. Wengine walilia, na wengine walisema mambo ambayo wasingeyasema mbele ya kioo. Akakizungusha kiti cha binti mpaka mbele yake ukabaki ukuta mtupu wenye rangi iliyobambuka. Kisha akaendelea kunyoa, na safari hii mdomo akaufunga. Haikuwa rahisi, mizaha miwili ilimjia, akaimeza yote.

Mashine ilikuwa imefika nyuma ya sikio binti aliposema, "Hata Mama walimwambia hana kitu."

Mama yake alikuwa amefariki, huu mwaka wa nne. Uvimbe ulionekana ukiwa umeshachelewa kutibika, baada ya mwaka mzima wa kuambiwa ni uchovu.

Kinyozi akazima mashine.

"Na wewe ulimwambia ajikaze," binti akaendelea, sauti yake haipandi wala haishuki. "Nilikuwa nawasikia kutoka chumbani kwangu. Ulimwambia hivyo, halafu ukamchekesha, naye akacheka."

Kinyozi aliona aibu, aibu ya kweli, ya kuchoma masikio, akashukuru kwamba na yeye hakuwa na kioo mbele yake. Kwa miaka minne alikuwa akijiliwaza kwamba alimfurahisha mkewe mpaka siku za mwisho. Kumbe mtoto alikuwa akisikia yote.

"Nilimwambia," akasema. "Nilikosea."

"Kitu chochote kikiniuma nafikiri ni kilekile. Nikifikiri hivyo kinazidi kuuma. Mimi ninacho, Baba?"

Jibu la haraka lilikuwapo, tena zuri, la kuchekesha.

"Sijui," akasema. Hakukumbuka ni lini aliwahi kumtamkia mtoto neno hilo. "Daktari anasema huna, na nadhani yuko sahihi. Lakini kesho asubuhi tutarudi wote wawili. Utamweleza haya uliyonieleza, na habari ya mama yako nitaisema mimi. Tukitoka hapo tunakwenda shuleni. Mwalimu mkuu niachie mimi."

"Na akisema tena sina kitu?"

"Basi kikikuuma tena, utaniambia tena."

Mteja wa kwanza akabisha hodi, na kinyozi akamwomba asubiri kidogo. Binti akautoa mkono wake chini ya kitambaa kilichojaa nywele, akakishika kidole cha baba yake, akakipeleka juu kidogo ya kisogo.

"Ni hapa," akasema. "Na mara nyingine hapa."

Kichwa kile alikuwa amekinyoa tangu kilipoenea kwenye kiganja kimoja, na kila kovu lake alilijua. Hakuwahi kuuliza ni wapi. Akakiacha kidole palepale kilipowekwa, na nje mteja akabisha tena.