Upande Usiopewa Wali

Zilpah alichota wali kwa vidole vitatu, akautia kwenye shimo, akadondosha mbegu mbili za mahindi juu yake, akafukia kwa unyayo. Haukuwa wali wa kuliwa. Alikuwa ameupika mwenyewe, akaupoza, akauchomekea kijiti chenye ukungu mkavu alicholetewa na Adhiambo, kisha akaufunika kwenye ndoo hadi ukaota manyoya meupe. Alipoinama kuchota tena, vidole viligusa chini ya ndoo mapema kuliko alivyotarajia.

Aliinua macho. Wingu lilikuwa limeshakaa upande wa Malava na mistari mingi ilikuwa bado. Akaenda hatua chache mbele, akarudi, akachungulia ndoo tena.

Shamba hilo lilikuwa limeshindwa na kayongo, gugu la maua ya zambarau ambalo huishi kwa jasho la wenzake. Mbegu zake, ndogo kama vumbi, hulala udongoni miaka mingi zikisubiri mizizi ya mahindi itoe majimaji yake. Hapo huamka, huing'ang'ania mizizi na kunyonya. Msimu uliopita walivuna mabua. Sylvanus, mumewe, aliyewakatia watu miwa tangu ujana, alisema sasa basi, shamba liwe la miwa. Zilpah aliomba msimu mmoja tu.

Adhiambo, mtafiti kijana aliyepanga chumba Shirere, ndiye aliyemweleza habari za ukungu uliopatikana kwenye kayongo iliyougua, unaoishambulia kayongo na kuyaacha mahindi. Umefaa kwenye mashamba mengi, alisema, lakini kila udongo una mambo yake. Kwa hiyo upande mmoja upewe wali, mwingine usipewe, halafu watazame. Sylvanus alikubali. Akiona tofauti kwa macho yake, miwa itasubiri. Asipoiona, asisumbuliwe tena.

Walirusha shilingi. Upande wa kunyimwa ukawa wa chini, unaopakana na nyumba ya Navalayo, mama yake Sylvanus.

Navalayo alikuwa huko chini sasa, akipanda, leso yake kiunoni ina kifundo kizito. Zilpah alivuka kamba ya mkonge iliyogawa shamba, akachutama, akafukua shimo. Wali. Akafukua jingine, mstari wa pili. Wali.

"Kukhu," alisema, akimwita bibi kama watoto wake walivyomwita, "ni nini hiki?"

Navalayo hakuficha. Alifungua kifundo, akaonyesha punje zilizobaki. "Mama Wesley, mimi sipakulianga watu hivyo. Huyu ashibe, mwenzake anatazama? Na tena huku mlangoni kwangu."

"Si watu, Kukhu. Ni mahindi."

"Hata ng'ombe huwezi kumfanyia hivyo."

Zilpah alianza kukwangua wali, akaacha, akaanza tena. Punje zilikuwa zimeshapondeka zikawa udongo. Akilini alimwona Sylvanus siku ya kupalilia, amesimama juu ya kamba, anatazama kushoto, anatazama kulia, mahindi ni yale yale. Dawa ingeshindwa kwa sababu ya kufanya kazi pande zote mbili.

Alimpigia simu Adhiambo. Adhiambo akasema kukwangua hakusaidii, ukungu umeshaingia. Watafute mahali pengine penye kayongo ile ile, wapande bila wali, lakini waoshe mikono na jembe kwanza. Hakugomba, na hilo lilimzidishia Zilpah wasiwasi.

Palikuwa na mahali pamoja tu: kishamba nyuma ya nyumba ya Navalayo, alikokuwa akipanda kila msimu mahindi ya kuwachomea wajukuu. Zilpah alizunguka nyumba mara mbili kabla ya kulitamka ombi hilo.

Navalayo alimsikiliza hadi mwisho. "Kwa hivyo nipande nikijua yatakufa."

"Huenda yasife. Sijui, Kukhu. Hilo ndilo tunalotafuta."

"Na nikikataa?"

"Sylvanus hataona tofauti. Atapanda miwa."

Mama mkwe alitazama miwa ya jirani, iliyokwisha kufika mpakani. "Ikija mpaka hapa," alisema polepole, "mimi nitatokea wapi, dirishani?"

Alikung'uta leso juu ya ndoo, akaenda kwenye tangi, akanawa kwa sabuni hadi viwikoni. Kisha akasimama ameinua mikono yake iliyolowa maji kama anayesubiri obusuma, ugali wa kwao. "Nimenawa kama mtu wa karamu," alisema, "na chakula hakuna."

Zilpah alicheka bila kutaka. Akanawa naye, wakaosha jembe, wakahamishia kamba huko nyuma ya nyumba, wakachimba mashimo kishamba kizima, wakaanza kutia mbegu. Mstari wa kwanza ulikuwa haujaisha matone yalipoanza kupiga mabati.

Sylvanus alitokea njiani, panga limeviringishwa kwenye gunia, masizi ya miwa iliyochomwa yamemjaa mikononi. Aliuliza kamba imefuata nini nyuma ya nyumba.

Zilpah alifungua kinywa, lakini Navalayo akamtangulia. "Niliwalisha wasiotakiwa kulishwa," alisema. "Kesho tunaendelea hapa. Na wewe ukija, unawe kwanza."

Sylvanus alitazama mikono yake, akamtazama mkewe, akaingia ndani. Mvua ikashuka. Zilpah alifunika ndoo, akarudi tena kukaza fundo la kamba alilokwisha kulikaza. Mbele yake mashimo mengine yalikuwa wazi, bila mbegu, yakianza kujaa maji.